Alijinyima chakula mpaka akaisha, sasa anakula bila kusimama: amepona au ugonjwa umegeuka?

#1 Dada wa Sinza
Habari zenu wakuu. Naomba tuelimishane.

Mdogo wangu wa kike alianza kujinyima kula akiwa kidato cha tano. Tulidhani ni presha ya masomo. Akakonda, hedhi ikakata, baridi muda wote, Januari ya Dar anavaa sweta mchana. Tulizunguka sana, huku tunaambiwa vidonda vya tumbo, kule upungufu wa damu, mpaka daktari wa akili akasema ni anoreksia. Akatibiwa, akaanza kula, mwili ukarudi. Nyumbani ilikuwa sherehe.

Sasa yuko chuo. Akiwa likizo usiku anaamka. Nimemkuta jikoni taa imezimwa, anakwangua ukoko wa wali kwenye sufuria. Alipomaliza akaingia kwenye mkate, mkavu, bila chai, kipande juu ya kipande, hajameza cha kwanza anasukuma cha pili. Halafu maziwa ya unga kwa kiganja. Haonekani kufurahia hata kidogo. Aliponiona akaanza kulia. Hatapiki, hilo nimelifuatilia. Mchana mbele za watu anakula kama kuku anavyodonoa.

Swali langu: mtu aliyewahi kuwa na anoreksia anaweza kupata huu ugonjwa wa kula kupindukia? Ni ugonjwa mpya au mwili unadai ulichonyimwa? Mama anasema tushukuru Mungu anakula. Mimi kwa nilichokiona pale jikoni siwezi kunyamaza.

#2 Mzee wa Kibaha
Mpimeni minyoo. Na sukari.

#3 Pili Mtoto wa Mji
Mzee wa Kibaha, hata uzi wa gari kuzima mlima Sekenke wewe ulisema minyoo 😂

#4 Tabibu Mtarajiwa
Pili, muache mzee. Sukari, na tezi ya thairoidi ikifanya kazi kupita kiasi, vyote vinaweza kumfanya mtu ale sana, na ni vipimo vya damu tu. Pimeni. Ila wenye hali hizo mara nyingi hukonda huku wanakula, na hawana sababu ya kujificha gizani.

Kwa maelezo ya dada, hii inafanana sana na ugonjwa wa kula kupindukia. Vigezo vya madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, vinasema hivi: mtu anakula ndani ya muda mfupi chakula kingi kuliko ambacho wengi wangekula kwa muda huo, anahisi hawezi kujizuia, inatokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, na inamtesa. Anakula haraka, anakula mpaka tumbo linauma, anakula hata kama hana njaa, anajificha kwa aibu, akimaliza anajichukia. Matatu katika hayo yanatosha. Na hana tabia ya kujitapisha au kutumia dawa za kuharisha ili kufidia. Angekuwa nayo, tungezungumzia bulimia. Na angekuwa bado amekonda kupita kiasi huku anafakamia, ingeendelea kuitwa anoreksia, kwa sababu anoreksia nayo ina aina mbili: wanaojinyima tu, na wanaojinyima kisha wanafakamia au kujitapisha.

Huu ugonjwa wa kula kupindukia ulitambuliwa rasmi tangu 1959, si kitu kipya.

#5 Nesi wa Leicester
Salaam kutoka Uingereza. Nafanya kazi wodi ya magonjwa ya ulaji, na kuna kisa kimoja ambacho kila mzazi akija na swali kama la dada huwa namsimulia.

Novemba 1944, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Vita vinaelekea kwisha, Ulaya kuna watu wanakufa njaa, na hakuna anayejua vizuri namna ya kumlisha mtu aliyekaa na njaa miezi na miezi. Mtaalamu mmoja, Ancel Keys, akachukua vijana wa kiume 36 wenye afya njema, waliokataa kushika silaha kwa sababu ya imani zao, wakajitolea. Kwanza wakalishwa kawaida. Kisha kwa wiki 24 chakula kikapunguzwa hadi karibu nusu: viazi, mkate, makaroni, mboga za mizizi. Wakapoteza takriban robo ya uzito wao.

Hawa hawakuwa na hofu ya kunenepa hata kidogo. Lakini wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kuzungusha chakula kidogo kwenye sahani muda mrefu ili kisiishe, kutafuna jojo kutwa nzima. Wengine walishindwa masharti, wakafakamia nje kwa siri, wakarudi wakijilaumu vibaya. Na walipokuja kuruhusiwa kula bila kikomo, baadhi walikula mpaka tumbo halina nafasi na bado wakasema wana njaa. Mmoja alifikishwa hospitali kwa kula kupita kiasi. Njaa ile iliendelea kwa miezi.

Kwa hiyo mtu aliyetoka kwenye anoreksia akila namna ile, la kwanza kujiuliza ni kama mwili wake umeshalipwa. Si ulafi. Nasema hivi kwa sababu mabinti wanaokuja wodini neno la kwanza wanalojiita ni mlafi.

#6 Afande Mstaafu
Nesi asante kwa historia. Hiyo njaa sisi tunaijua. Tulipotoka zoezi la porini nimeona mtu anakaa kwenye sinia la watu sita peke yake, anamaliza, anatoka nje kutapika, anarudi kuuliza kama kuna lingine. Lakini baada ya muda si mrefu kila mtu karudi kwenye kula kwake. Hakuna aliyeamka usiku kulamba maziwa ya unga mwaka wa pili. Ndiyo maana hoja ya mwili peke yake hainitoshi.

#7 Tabibu Mtarajiwa
Afande umegusa penyewe. Hata wale wa Minnesota wengi wao walirudi kawaida.

Lakini kuna jambo la kuongeza. Mwaka 1997 mtafiti Abdul Dulloo na wenzake walizichambua upya takwimu zile za Minnesota. Waliona kwamba wakati wa kurudisha mwili, mafuta yalirudi mapema na kupita kiwango cha mwanzo, wakati misuli bado haijakamilika, na hamu kubwa ya kula ilihusiana na vyote viwili vilivyopotea, mafuta na misuli. Maana yake kuna kipindi ambacho mtu kwa macho anaonekana amejaa, ila mwili wenyewe bado unatafuta. Mtu aliyekuwa na anoreksia akifika hapo anatishika, anarudi kujinyima, na kazi inaanza upya. Vijana wa Minnesota hawakukatisha. Pengine hapo ndipo tofauti ilipo na askari wako.

#8 Mama Kijacho
Nipo hapa nasoma. Nesi endelea.

#9 Nuru ya Jioni
Nimesoma huu uzi mikono inatetemeka kwa sababu njia hiyo nimeipita mimi mwenyewe.

Nilipotoka hospitali nilikuwa nakula, ndiyo. Sheria hazikutoka kichwani. Wali dhambi. Mafuta dhambi. Kula baada ya saa kumi na mbili jioni dhambi. Siku nikipewa kipande cha keki kazini, mtu anaagwa, huwezi kukataa, nakula. Hapo hapo kichwa kinaniambia leo umeshaharibu, haribu moja kwa moja, kesho unaanza upya. Nikitoka nampitia mama wa vitumbua kituoni, nachukua vya kutosha familia, na namwambia kabisa kwamba ni vya familia. Navila kwenye daladala, uso nimegeuzia dirishani, mfuko uko ndani ya mkoba ili jirani asisikie karatasi. Vya moto, vinaunguza ulimi, na sisubiri vipoe. Nikifika nyumbani nakaa mezani na wenzangu nakula tena ili wasishtuke.

Kesho yake kutwa sili kitu, nalipa. Jioni inakuwa yale yale.

Mashangazi walikuwa wananiambia "sasa umenawiri, mume yuko njiani." Kila niliposikia hivyo nilijifungia chakula siku inayofuata. Hawakuwa na nia mbaya. Ila dada wa Sinza, tafadhali, nyumbani kwenu mtu yeyote asimsifie mwili, wala asiuseme.

Kwangu sikuona magonjwa mawili. Hofu ilikuwa ile ile, mwanzo ilinizuia kula, baadaye ilinifanya nile kama mwizi.

#10 Msimamizi
Nuru pole sana, na asante. Kwa wote: tusiandike kilo zetu wala idadi ya kalori tunazokula au tulizokuwa tunakula. Kuna watu humu wanasoma wakiwa katikati ya ugonjwa na namba hizo wanazigeuza mashindano.

#11 Nesi wa Leicester
Naunga mkono Msimamizi.

Nuru, hilo la "nimeshaharibu" limefanyiwa utafiti zamani. Mwaka 1975 watafiti wawili, Herman na Mack, waliwapa watu milkisheki kwanza, halafu wakawawekea aiskrimu wale watakavyo. Wasiojinyima, wakishapata milkisheki walikula aiskrimu kidogo, kama unavyotegemea. Wale wanaojizuia siku zote walikula zaidi baada ya milkisheki. Kizuizi kikishavunjika kinaachiwa chote. Janet Polivy na Herman baadaye wakasimama kabisa na hoja kwamba kujinyima ndiko kunakotangulia na kufakamia kunafuata.

#12 Mkaka wa Nakuru
Sasa hapo ndipo mnaniacha nje. Mimi kwangu kufakamia ndiko kulikotangulia.

Mama alifariki nikiwa shule ya msingi. Tukachukuliwa na nyanya. Nilikuwa naingia stoo nakula sukari guru na mahindi ya kuchoma yaliyobaki, hadi nalala hapo hapo. Hakuna mtu alikuwa ameninyima na mimi sikuwa nimejinyima. Nilikuwa tu nikila ile kitu ndani inanyamaza. Nilipoingia sekondari wakaanza kunicheka mwili, ndipo nikaacha kula kabisa, nikakonda mpaka mwalimu akaita nyumbani. Halafu kufakamia kukarudi. Kwa hivyo ukisema njaa ndiyo mama wa haya yote, hesabu yangu haikubali. Kwangu ni huzuni.

#13 Tabibu Mtarajiwa
Mkaka pole. Na hauko peke yako, tafiti za watu wenye ugonjwa wa kula kupindukia zinaonyesha wapo wengi tu walioanza kufakamia kabla hawajawahi kujinyima hata siku moja. Njia ya kuingilia si moja.

#14 Neema Tele
Ndugu zangu mnazunguka. Hii ni roho ya ulafi, kuna pepo wa chakula. Afanyiwe maombi, afunge siku tatu, itaondoka.

#15 Mama Mchungaji Iringa
Neema Tele, maombi naamini, ni maisha yangu. Ila usimwambie binti huyo afunge. Tulikuwa na msichana kwenye kwaya aliyeanza na mfungo wa kanisa, wenzake walipomaliza yeye hakumaliza. Sisi wazee wa kanisa tulimwona ana kiu ya Mungu, tukampa ushuhuda atoe mbele. Siku alipoanguka madhabahuni ndipo tukajua. Nilimwombea na nikamsindikiza kliniki, yote mawili, na mpaka leo tunaenda pamoja.

#16 Shangazi Likoni
Hamjambo wanangu. Alosema Mama Mchungaji na kwetu lipo. Mwanangu wa pili alitumia Ramadhani kuficha. Mwezi wote hali daku, magharibi yuwala tende moja na maji asema kashiba, na sie twamsifu kwa ibada. Mwezi ulipokwisha akaendelea na sunna za Shawwal, akaunganisha na Jumatatu na Alhamisi. Baadaye ilipogeuka, ndio usiku akawa amaliza futari ya nyumba nzima, viazi vya nazi, mahamri, kaimati, yote.

Sheikh wetu alimwita akamwambia mgonjwa ameruhusiwa kula, Qurani imesema, na ugonjwa huu ni ugonjwa. Alilia sana siku ile. Mwaka huo hakufunga, akawa alisha masikini. Kuambiwa na mtu anaemuheshimu kulimfaa kuliko mimi mamake nilivosema.

#17 Kijana wa Ubungo
Mimi naona tunaiga magonjwa ya wazungu. Bibi zetu hawakuwa na anoreksia wala nini. Ni hizi simu na wanamitindo.

#18 Mwalimu wa Baiolojia
Kijana, si rahisi hivyo. Mwaka 2004 jarida la madaktari wa akili la Uingereza lilichapisha utafiti wa wanafunzi wa kike wa sekondari nchini Ghana. Walipatikana mabinti waliokuwa wamekonda kwa kujinyima wenyewe, na hawakutaja wanamitindo wala hofu ya kunenepa. Walizungumzia dini na kuweza kujitawala. Rudi usome tena alichoandika Mama Mchungaji na Shangazi Likoni. Hong Kong nako daktari wa akili Sing Lee alieleza wagonjwa wengi waliosema tu kwamba tumbo limejaa.

Na kwetu kuna jambo jingine. Mtu akikonda mtaani wanasema amekanyaga miwaya, yaani ana UKIMWI. Kwa hiyo akirudisha mwili, familia nzima inapumua, hakuna atakayeuliza anarudishaje. Ndiyo maana ile hatua ya pili inapita kimya.

Halafu naomba kurekebisha #4. Mwaka 1959 Albert Stunkard alielezea kufakamia kwa baadhi ya wagonjwa wake wanene, basi. Ilikaa mpaka 1994 ikawekwa kwenye kiambatisho cha DSM-4 kama kitu cha kuchunguzwa zaidi, na ikawa ugonjwa kamili 2013 kwenye DSM-5. Bulimia yenyewe Gerald Russell aliipa jina 1979, na wakati huo aliielezea kama sura nyingine mbaya ya anoreksia. Kwa hiyo swali la dada wa Sinza, kama ni kitu kimoja au viwili, limekuwapo tangu mwanzo.

#19 Tabibu Mtarajiwa
Shukrani Mwalimu kwa tarehe. Na kuhusu kuhama: kuna utafiti uliochapishwa 2008, Kamryn Eddy na wenzake, wanawake 216 wenye anoreksia au bulimia waliofuatiliwa miaka 7. Katika wenye anoreksia, zaidi ya nusu walihama kati ya zile aina mbili, na takriban theluthi moja wakaingia bulimia. Kuhama ni kawaida. Ila kutoka anoreksia kwenda moja kwa moja kwenye kula kupindukia bila kufidia kokote ni nadra zaidi. Ndiyo maana namuomba dada aangalie vizuri suala la kufidia. Kufidia si kutapika tu. Kukaa na njaa mchana kutwa kulipia usiku nako ni kufidia. Kufanya mazoezi kama adhabu nako vile vile.

#20 Mwalimu wa Baiolojia
Hapo sawa. Na tusisahau urithi. Mwaka 2019 ulitoka uchambuzi mkubwa wa jeni za watu takriban 17,000 wenye anoreksia, ukapata maeneo 8 ya jenomu yanayohusika, na yakaonyesha uhusiano na mambo ya akili na ya namna mwili unavyotumia sukari na mafuta, vyote kwa pamoja. Kwa hiyo askari wa Afande na binti wa Sinza wanaweza kupitia njaa sawa, miili ikajibu tofauti.

#21 Afande Mstaafu
Hii ya jeni imenikaa vizuri zaidi.

#22 Pili Mtoto wa Mji
Afande anataka jibu moja aweke sahihi afunge faili 😂

#23 Dada wa Sinza
Asanteni sana, sikutegemea. Nimekaa na mdogo wangu jana, sikuzungumzia chakula kwanza kama Nuru alivyonielekeza inboksi. Baadaye akasema mwenyewe. Asubuhi huwa hali. Mchana anakula nusu sahani. Anasema "najitunzia" jioni. Pia amesema kitu kilichonichanganya: siku nyingine anaita amefakamia, kumbe alikula sahani moja ya wali maharage na chapati mbili. Mimi mwenyewe nakula hivyo kila siku. Sasa hiyo inahesabiwa?

Na ameanza kunywa chai fulani ya kupunguza tumbo aliyonunua mtandaoni.

#24 Nesi wa Leicester
Dada, umefanya vizuri mno.

Sahani ya wali maharage si kufakamia kwa macho yako, kwake ni kufakamia kwa sababu alihisi ameshindwa kujizuia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika 2022, hausisitizi tena kwamba chakula lazima kiwe kingi mno. Hisia ya kushindwa kujizuia inapewa uzito wake. Kwa mtu aliyetoka kwenye anoreksia hili ni kubwa, maana kipimo chake cha "kingi" bado ni kile cha wakati anaumwa. Hapo daktari anatakiwa atofautishe: usiku wa mkate mzima ni jambo moja, chapati mbili ni jambo jingine kabisa, na matibabu ya chapati mbili ni kuzila mpaka ziache kutisha.

Chai hiyo aiache leo. Nyingi huwa na sena au kitu kingine cha kuharisha. Haipunguzi mafuta, inatoa maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo unayumba. Na akitumia hivyo mara kwa mara, basi ndiyo ile kufidia ambayo Tabibu alikuwa anauliza.

Matibabu yenye ushahidi mwingi ni tiba ya mazungumzo inayofanyia kazi fikra na tabia. Aina inayotumika sana kwa magonjwa ya ulaji iliandaliwa na Christopher Fairburn wa Oxford. Hatua yake ya mwanzo mtu akisikia anaona haiwezekani: kula. Milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu katikati, kwa saa, awe na njaa au asiwe nayo, asikae zaidi ya muda wa kama saa nne hivi bila kitu. Usiku uliopita amefakamia? Asubuhi anakunywa chai na chakula chake kama kawaida. Hapo ndipo penye ugumu wote, kwa sababu kila kitu ndani yake kinamwambia alipe. Akae na mtu mezani. Msimhesabie, msimfungie jikoni, zungumzeni ya mpira, ya majirani, chochote.

Angalizo kwa wengine: hayo ni kwa mtu ambaye mwili umerudi. Aliyekonda sana sasa hivi asirundikiwe chakula nyumbani ghafla. Fosfeti kwenye damu inaweza kuporomoka na akafa huku analishwa. Huyo ni wa hospitali.

#25 Mama Kijacho
Kliniki ziko wapi jamani?

#26 Tabibu Mtarajiwa
Dar, idara ya afya ya akili Muhimbili. Dodoma, Mirembe. Walio Nairobi, Mathari. Ukifika sema wazi kwamba ana historia ya anoreksia, usiseme tu "anakula sana". Ukisema anakula sana utapewa ratiba ya kupunguza uzito, na ratiba hiyo kwa mtu kama huyu ni kumrudisha alikotoka. Kuna dawa pia, lisdeksamfetamini, Marekani waliiruhusu 2015 kwa ugonjwa wa kula kupindukia. Inakata hamu ya kula. Mimi ningeogopa sana kumpa aliyewahi kujinyima mpaka akaanguka.

#27 Matroni
Nimekuwa matroni bwenini miaka mingi. Naomba niongeze ambalo halijasemwa: njaa ambayo mtu hakuichagua. Wako watoto nyumbani kwao mlo ni mmoja. Wakifika shule, siku ya wali na nyama utaona anavyokula, anaficha nyama kwenye sanduku chini ya sare, mpaka inaoza. Hakuna aliyemwambia ni mnene. Mnasema anoreksia, mimi nawaona hawa wa njaa ya nyumbani wakiwa na kufakamia kule kule.

#28 Mwalimu wa Baiolojia
Matroni uko sahihi kabisa. San Antonio, Texas, walifanya utafiti kwa watu wanaochukua chakula cha msaada, ulichapishwa 2017. Waliozidiwa na uhaba wa chakula, wale ambao hata watoto wao walikuwa wanalala njaa, ndio waliokuwa na kufakamia zaidi na kujinyima kwa makusudi zaidi.

#29 Bondia wa Manzese
Nimekaa kimya muda mrefu kwenye huu uzi, leo niseme. Mimi nilikuwa napigana. Kabla ya kupima uzito nilikuwa nakimbia saa nane mchana nimevaa nailoni ndani, kofia juu, natema mate kwenye kopo ili zipungue hata gramu. Siku mbili za mwisho situmii maji. Nikishapima, nje pale pale, chipsi mayai, mishikaki, soda mbili za baridi, ndizi, maandazi ya mtu yeyote aliye karibu. Kocha anasema kula mwanangu, ongeza nguvu. Wote tulifanya hivyo.

Ngumi niliacha. Kula kule hakukuniacha. Mke wangu akisafiri naweza kumaliza alichopika cha siku tatu kwa kikao kimoja, nimesimama kwenye friji. Nilidhani haya mambo ni ya wasichana.

#30 Tabibu Mtarajiwa
Bondia karibu sana. Si ya wasichana. Anoreksia wanawake wanaongoza kwa mbali, lakini kwenye kula kupindukia pengo linapungua sana, wanaume ni wengi. Hawaji kliniki tu.

#31 Afande Mstaafu
Nimefikiri sana kuhusu Bondia. Huyu hakuwa na hofu ya unene, alikuwa na kazi na mizani. Hakuwa na anoreksia. Na bado imembakia. Nuru, hofu haimwelezi huyu.

#32 Nuru ya Jioni
Afande, kabla hatujabishana. Bondia, leo asubuhi umekula nini?

#33 Bondia wa Manzese
Sijala. Huwa sianzi kula mpaka saa nane mchana, nimezoea tangu enzi za mazoezi.

#34 Nuru ya Jioni
Basi bado unapunguza uzito, kaka, ila pambano halipo.

#35 Mkaka wa Nakuru
Nuru hiyo ni kweli kwa Bondia, nakubali. Lakini mimi uji nakunywa kila asubuhi, lunch nakula na wenzangu kazini, sifidii kitu, na Jumapili iliyopita nilifakamia hadi nikashindwa kulala. Ilikuwa siku ya kumbukumbu ya mama. Usiniambie nirekebishe asubuhi yangu.

#36 Nesi wa Leicester
Mkaka, sitakwambia hivyo. Kwa mtu kama wewe ratiba ya kula ikishakaa sawa na kufakamia kukabaki, kazi inahamia kwenye kile kinachokuja siku kama ile. Tafuta mtu wa kuongea naye kuhusu mama, si kuhusu chakula. Bondia, wewe anza na chai na chapati kesho saa moja asubuhi, njaa iwepo isiwepo. Uje utuambie mchana umekuwaje.

#37 Bondia wa Manzese
Poa dada. Chapati moja au mbili?

#38 Nuru ya Jioni
Mbili.